Mbishi wa Mpwapwa na "me" ya Mwingereza

Kipindi cha Kiingereza kilitukuta tumeshiba makande, na upepo wa Julai ukiingiza vumbi la Dodoma darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo. Wenye usingizi walilala waziwazi. Mwalimu aliandika ubaoni "between you and I", akaikata hiyo "I" na kuweka "me" juu yake. Baada ya kihusishi, alisema, "I" haikai.

Mwenzetu mmoja wa kutoka Mpwapwa, mbishi wa kuzaliwa, akasimama. "Samahani mwalimu. Nikipiga ni mimi, nikipigwa ni mimi. Mwingereza anajibadilisha kwa nini?" Darasa zima likaamka kwa kicheko.

Walimu wengine wangemtoa nje. Huyu alifuta ubao, akaandika: "Ulimwita. Alikuita."

"Haya, nionyeshe wewe uko wapi humo."

Tukaanza kuchambua. Kwenye neno la kwanza, wewe ni "u". Kwenye la pili ni "ku". Yeye naye akiitwa ni "m", akiita ni "a". Mbishi akakuna kichwa. Kumbe tulikuwa tukibadilisha tangu tukiwa watoto, bila kuchapwa na mtu!

Mwalimu akaongeza "nilimwita" na "aliniita". Hapo "ni" ni ile ile, awe mtenda au mtendwa. Yaani sisi tunambadilisha wewe na kumwacha mimi. Mwingereza anambadilisha mimi na kuiacha "you" kama ilivyo. Tena zamani "you" ilikuwa ya mtendwa tu. Mtenda alikuwa "ye", hadi "you" ikamnyang'anya nafasi. Na katika Kiingereza cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, hata nomino zilibadilika mwisho kufuata kazi yake kwenye sentensi. Miisho hiyo karibu yote imekufa, viwakilishi ndivyo vimebaki na ukaidi wao. Hapo ndipo nilipoanza kulipenda somo ambalo hadi siku hiyo nililiona la kukariri tu.

Mbishi alikuwa bado amesimama. "Basi nikibisha hodi, niseme 'It is I' au 'It is me'?"

"Wanasarufi wa zamani walitaka 'It is I', kwa kuiga Kilatini. Huko London kwenyewe mtu akigonga mlango husema 'It's me'."

"Na kwenye mtihani, mwalimu?"

"Kwenye mtihani mwandikie msahihishaji anachokitaka."

Hilo ndilo wote tuliliandika daftarini, hata waliokuwa wamelala.