Mama aliuliza: nani anapokea mwanzo?

Mama ni kijumbe wa upatu Ngamiani, Tanga, tangu mimi sijaanza shule. Kwa hiyo nilipompigia kumwambia nataka kuingia sororiti, yaani chama cha wasichana chuoni, na kwamba kuna ada, alikuwa na swali moja tu: "Nani anapokea mwanzo?" Nikamjibu hakuna anayepokea, unatoa tu kila mwaka, hata ukishamaliza chuo. Akanyamaza kidogo. "Huo si upatu, mwanangu. Huo ni mchango wa msiba."

Nilikuwa nimehamia chuo kikuu hapa Texas mwaka wa tatu, baada ya miaka miwili kwenye koleji ya jamii, ambako ada ni nafuu. Kuhamia mwaka wa tatu ni kama kufika harusini pilau limeshapakuliwa. Wenzako wamelala bweni moja tangu mwaka wa kwanza, wana majina ya utani, wana ugomvi wao wa zamani waliokwisha usuluhisha. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga mbali na chuo, na kazi ya maktaba saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo mwisho visa ya mwanafunzi inaporuhusu muhula ukiendelea.

Wengi nyumbani wanaijua sororiti ya kwenye filamu: jumba lenye nguzo nyeupe, wasichana wamejazana mlangoni wakipiga makofi. Hizo zipo, na mara nyingi huchukua watu mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mnazungushwa nyumba kwa nyumba siku kadhaa mpaka mialiko itoke. Mimi nilivutwa na upande wa pili, vyama vya Wamarekani weusi. Vikubwa viko tisa, na vya wanawake ni vinne: Alpha Kappa Alpha ya 1908, Delta Sigma Theta ya 1913 na Zeta Phi Beta ya 1920, vyote vilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard, halafu Sigma Gamma Rho ya 1922, ya kule Indianapolis. Kamala Harris ni wa hicho cha kwanza. Nilichokitaka mimi sikitaji, wenyewe watanijua.

Hawa hawakuzungushi popote. Hawasemi watachukua lini, na mwaka mwingine hawachukui kabisa. Mwenye miaka minne anaweza kusubiri. Mwenye miwili anahesabu miezi kama mjamzito.

Halafu lilikuwepo la alama. Chuo kilipokea krediti zangu zote, yaani masomo niliyokwisha maliza, ila wastani wangu haukuhamia nazo, rekodi ikaanza upya. Usiku wote ule wa kukesha ukabaki kuwa hadithi. Nao wa sororiti walitaka wastani wa chuo nilichopo, kwa hiyo muhula mzima wa kwanza nilikuwa mtazamaji. Unayefikiria kuhamia, kaulize hilo kabla hata hujafungasha.

Muhula wa pili kikabandikwa kikaratasi cha mkutano wa maelezo. Ulipangwa saa moja usiku na dakika ambazo si tano wala kumi, maana kwao hata dakika zinabeba mwaka wa kuanzishwa. Nikatoa gauni langu la khanga, lenye rangi zao mbili haswa. Kwetu Pwani ukialikwa kwenye shughuli yenye sare, unavaa sare, ndiyo heshima yenyewe.

Kuingia ukumbini, wasichana wote wamevaa suti nyeusi. Mama mmoja wa makamo aliyesimama mlangoni akanitazama kuanzia begani hadi kwenye pindo, polepole, kama fundi anayetafuta mshono uliokosewa. Hakunifukuza. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba rangi zile huvaliwa na aliyekwishaingia, basi. Msichana wa Kinigeria niliyekaa naye akavua koti lake akanipa bila kusema neno, nikalifunga vifungo mpaka shingoni. Nilitoka jasho saa nzima, sikusikia hata nusu ya yaliyosemwa.

Kumbe nilipaswa kuyajua haya. Bibi yangu alikuwa kungwi, na ya unyagoni hayasimuliwi wala hayaigizwi na asiyechezwa. Nikafunga mdomo. Nikawa naenda kwenye shughuli zao, kuandikisha wapiga kura, kugawa chakula, nafanya kazi narudi kwangu. Ada ya kuingia ilikuwa kama kodi yangu ya miezi miwili. Nikaiweka kidogo kidogo, na nikijiona nimechelewa nilikuwa nasikia sauti ya kijumbe.

Muhula wa mwisho kabisa wakafungua mlango. Ya katikati siyasemi. Ila msidhani ni kupigwa: vyama vinane vilivyokuwa kwenye umoja wao wakati huo, kabla ya cha tisa kujiunga, vilikubaliana mwaka 1990 kuufuta mtindo wa zamani wa kuwatesa waingiao, na anayeurudisha anavunja sheria.

Siku ya kutambulishwa tulikuwa sita, tumevaa vinyago, tumepangwa kwa kimo, mkono mmoja begani kwa mwenzako. Mimi mfupi, nikawa wa mbele. Wenzangu walikuwa na shangazi na maua. Mimi nilikuwa na simu iliyoshikwa na yule Mnigeria, na Mama ndani yake, kwao ikiwa saa nane za usiku.

"Wangu yupi?" nilimsikia akiuliza. Tukavua vinyago, akapiga vigelegele.

Asubuhi jirani alibisha hodi kwa Mama kuuliza nani kaolewa.