Ati simu ya WhatsApp nayo ilipiwe?

Juzi niko kwenye matatu, redio imefunguliwa mpaka mwisho, jamaa mmoja kapiga simu studio anasema hizi simu za WhatsApp serikali ingezitoza kitu kidogo, manake makampuni ya simu yanaumia na watu wanaongea bure. (Kitu kidogo! Kenya hii sote tunajua kitu kidogo huwa kinaishia wapi.) Nikajisemea huyu hajawahi kuwa na mtu wake Dubai.

Mimi dadangu alienda huko 2019, kazi ya hoteli, anafua mashuka anapiga pasi, wanalala sita chumba kimoja mtaa wa Deira kila mtu na kitanda chake na kipazia chake. Kabla hajaondoka tulichanga tukamnunulia mama simu ya kugusa, tukamfunza wee mpaka akashika, kijani unapokea nyekundu unakata. Siku ya kwanza dada akapiga, simu ikalia vizuri tu, mama akavuta ile kijani, "Hello? Hello mwanangu?" Kimya. Kwenye kioo inaandika inaunganisha, inaunganisha, inaunganisha, mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena, vilevile. Mama akanigeukia na macho yale ya kesi, "Mumeninunulia simu mbovu."

Simu ilikuwa nzima. Ni kule ndiko walikofunga. Meseji inapita, picha inapita, voice note inapita, lakini sauti ya mtu na mtu haipiti. Ukitaka ipite unalipia kifurushi maalum kwa kampuni ya simu, wakati huo dirham 50 kwa mwezi, halafu unatumia zile apu zilizoruhusiwa tu kama Botim, na yule wa nyumbani naye lazima aiweke. Dirham 50 ilikuwa kama shilingi 1,400 za kwetu, na hiyo ni juu ya bando ambalo ushanunua. Kwa mtu wa ofisini kwenye yale majengo marefu si kitu, kwa mpiga pasi anayetuma pesa nyumbani ni pakiti kumi za unga na chenji inabaki. Ati atumie VPN, ile apu ya kuficha uko wapi mtandaoni? Sheria yao waliikaza 2016, ukikamatwa umeitumia kuficha kosa faini inaanzia dirham 500,000 hadi milioni 2, au jela, au vyote viwili. Dada hata hilo neno hakutaka nilitaje kwenye voice note.

Sababu wanazotoa ni leseni na usalama. Haya, usalama. Mbona ukishatoa dirham 50 hatari inaisha? Saudi Arabia hapo jirani walianza kufungua simu za mtandaoni Septemba 2017 na sijasikia nchi imeanguka.

Na hiyo hoja ya kampuni kuumia ndiyo inanichosha kabisa. Hakuna mtu anapiga simu ya WhatsApp kwa hewa, unapiga kwa bando, na bando umelinunua kwao haohao. Ni kama yule wa mkokoteni anakuuzia mtungi wa maji, ushalipa, ushamimina kwenye pipa, halafu anarudi mlangoni anauliza haya maji ni ya kufulia ama ya chai, manake ukipika chai utaniongeza. Si utamtoa mbio? Maji ni yangu! Na bando lenyewe Kenya tayari lina ushuru ndani, ulikuwa asilimia 15 mwaka 2018, ukapandishwa 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023, halafu VAT asilimia 16 inakaa juu yake. Sasa yule jamaa wa redio anataka tulipe mara ya tatu.

Uganda walijaribu, wala si zamani. Museveni aliandika barua Machi 2018 akilalamika juu ya lugambo, yaani umbea wa mitandaoni, na kufika Julai 1 kila mtu anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook, Skype na wenzake anatoa shilingi 200 zao kwa siku. Kwa siku! Hata kama umeingia kumwambia bibi heri ya Idi. Watu wakakimbilia VPN, wengine wakaacha mtandao kabisa, na mwaka wa kwanza ulipoisha serikali iliyotarajia bilioni 284 ikajikuta na bilioni 49 na kitu. Mwaka 2021 wakaifuta, wakaleta asilimia 12 kwenye bando badala yake, kwa hivyo usidhani walitubu.

Lebanon ndiyo ilinishangaza zaidi. Oktoba 17, 2019, serikali inasema itatoza simu za WhatsApp senti 20 za dola kwa siku, usiku uleule watu wako barabarani wanachoma matairi, na usiku uleule waziri akaiondoa, too late, siku 12 baadaye waziri mkuu Hariri akatangaza kujiuzulu. Walikuwa na mengine mengi moyoni, najua, uchumi ulikuwa ushaoza. Lakini katika yote yale kilichowatoa ndani ni kuambiwa hata kuongea na mtoto aliye ng'ambo kuna mtu atasimama katikati na mkono wazi.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka simu ya nje ilikuwa ya msiba na harusi tu, unaandika maneno kwenye karatasi kabla hujapiga usije ukapoteza dakika. Laini za nje zilikuwa za kampuni ya Telkom peke yao mpaka 2004. Hapo ndipo jamaa anataka turudi?

Dada alilipia kile kifurushi miezi miwili akaacha, wakahamia voice note. Mama akawa anarekodi dakika nne nzima, anasalimia, anauliza, anajijibu mwenyewe, jogoo anawika nyuma, halafu mwisho kabisa anasema "haya sasa na wewe sema" na kushikilia simu sikioni anangoja. Tulimweleza mara ngapi kwamba dada yuko kazini ataisikia usiku. Anakubali, anaketi, na simu bado iko sikioni.