Nimerudi Kisauni, na kila mtu ananiuliza habari za Haiti

Nilijiandaa kuulizwa mengi nikirudi nyumbani: kwa nini sikuja kumzika bibi, mbona nimekonda, nimewaletea nini. Habari za Haiti sikuzitarajia. Lakini tangu niteremke uwanja wa ndege wa Moi, kuanzia dereva wa teksi hadi mama anayeuza mahamri njia ya kuingilia kwetu, mtu akishasikia nilikuwa Karibea, swali ni hilohilo: "Kule walikokwenda askari wetu?"

Mimi nilikuwa Barbados. Kutoka Bridgetown hadi Port-au-Prince ni kama kilomita 1,500, umbali unaokaribia ule wa Mombasa hadi Lubumbashi. Barbados nzima ina watu wapatao 280,000, pungufu ya waliohesabiwa Kisauni yetu peke yake mwaka 2019. Nilikwenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha West Indies, pale Cave Hill, nikapata kazi kwenye ofisi ya mawakili mjini, na mwaka ukazaa mwaka. Niliondoka kabla ya uchaguzi wa 2013. Nimerudi nakuta barabara ya Mtwapa inapanuliwa, vibanda nilivyovizoea havipo, na watoto niliowaacha wakinyonya wamenipita kimo.

Swali la Haiti nimeliheshimu, kwa sababu hata kule niliulizwa, ila kwa upande wa pili. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu, tunatazama taarifa ya habari. Askari wa Kenya walikuwa wanateremka kwenye ndege Port-au-Prince, bendera yetu begani. Mara wakaonyesha Nairobi, siku hiyohiyo: vijana wameingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, moshi, risasi, watu wamelala barabarani. Akanigeukia, akaniuliza polepole, "Binti yangu, watu wako wamekuja kufanya nini kwetu?" Alisema "kwetu", na yeye hajawahi kukanyaga Haiti maishani mwake.

Sikuwa na jibu usiku ule. Ninalo sasa, ila ni refu, na linaanzia mahakamani.

Visiwa vile vingi vilipata bendera miaka ya sitini na sabini. Barbados ni tarehe 30 Novemba 1966. Lakini rufaa ya mwisho iliendelea kwenda London, mbele ya majaji wa Baraza la Faragha la Uingereza. Sisi Kenya tuliikata njia hiyo miaka michache tu baada ya uhuru. Wao walichelewa. Mwaka 2005 ndipo ilipofunguliwa Mahakama ya Haki ya Karibea mjini Port of Spain, na hadi leo si wote wanaoipelekea rufaa zao. Barbados na Guyana zilitangulia, Belize ikafuata 2010, Dominica 2015, Saint Lucia 2023. Trinidad yenyewe, ambako majaji hao wanakaa, bado rufaa zake zinavuka Atlantiki. Grenada waliulizwa kwa kura ya maoni 2016, wakaulizwa tena 2018, wakakataa mara zote mbili. Antigua nao wakakataa 2018. Mtu wa mbali anaweza kudhani ni utumwa wa fikra. Nilipokaa nao nikaelewa: katika kisiwa ambacho waziri, jaji na mshtakiwa huenda walisoma darasa moja, wengi humwamini zaidi jaji asiyemjua mtu.

Hofu nyingine ilikuwa kitanzi. London ilikuwa imeamua mwaka 1993, katika kesi iliyotoka Jamaica, kwamba kumweka mtu zaidi ya miaka mitano akingoja kunyongwa ni ukatili. Basi wakasema mahakama ya nyumbani inaundwa ili watu wanyongwe haraka. Kilichotokea ni kinyume. Katiba ya Barbados ilikuwa na kifungu kinachozilinda sheria za mkoloni zisipingwe kwa kutumia haki za msingi, na kwa kifungu hicho London ilishikilia mwaka 2004, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa muuaji ni halali. Juni 2018 mahakama ya Port of Spain ikaivunja. Nakumbuka ofisini kwetu kurasa zikitoka kwenye mashine moja moja, na wakili mkuu hangojei zikamilike, anaichukua kila moja ikiwa bado ina joto na kuisoma kwa sauti. Mwaka 2022 London iliulizwa swali hilo kuhusu Trinidad, ikajibu kwamba sheria ya zamani inabaki. Kwa hiyo mahakama iliyoogopwa ndiyo iliyothubutu.

Lakini kesi iliyonifundisha zaidi ilihusu msichana na pasipoti yake.

Machi 2011 Mjamaika mmoja alitua Barbados kama mgeni wa kawaida. Pale uwanjani akanyimwa kuingia, akapekuliwa mwilini kwa namna ya kudhalilisha, akalazwa usiku kwenye chumba kichafu, na kesho yake akarudishwa kwao. Watu wangapi wa kwetu wamefanyiwa hivyo katika viwanja vya ndege vya dunia hii, wakarudi nyumbani wakanyamaza? Huyu hakunyamaza. Mkataba wa Jumuiya ya Karibea ulimruhusu kuishtaki serikali ya nchi jirani moja kwa moja kwenye mahakama ya jumuiya. Tarehe 4 Oktoba 2013, nikiwa bado mwanafunzi, majaji walisema raia wa jumuiya ana haki ya kuingia nchi mwanachama na kukaa hadi miezi sita bila bughudha, isipokuwa kwa sababu chache zinazojulikana. Barbados ikaamriwa imlipe fidia ya zaidi ya dola 77,000 za nchi hiyo. Mhadhiri wetu hakufundisha kitu kingine wiki ile.

Mimi tangu siku hiyo, nikisikia nchi inajiita huru, nauliza kwanza: mnyonge akidhulumiwa na mwenye bunduki au mwenye muhuri, atakwenda kwa nani, na huyo ana uwezo wa kumlazimisha mtu ajibu?

Kwa jamhuri yao sina mengi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 2021 bendera ya Malkia ilishushwa katika uwanja wa Mashujaa, Bridgetown, Prince Charles akishuhudia, na Dame Sandra Mason akaapishwa kuwa rais wa kwanza. Mwenye nyumba wangu alikuwa na picha ya Malkia ukutani, na wimbo wa taifa ulipopigwa alisimama wima hadi mwisho. Kero yake ilikuwa moja: Bunge lilibadilisha katiba bila kuwapigisha watu kura. Nilifurahia jamhuri, na bado naamini alikuwa na haki ya kuulizwa.

Sasa Haiti.

Hakuna mahali katika Karibea ambapo wageni wamekuja "kusaidia" mara nyingi kama pale. Walijikomboa wenyewe kutoka utumwani, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804, na mwaka 1825 Ufaransa ikawatoza faranga milioni 150 ili iutambue uhuru huo, manowari zake zikiwa bandarini. Marekani iliitawala kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934. Kisha kikosi cha Umoja wa Mataifa, 2004 hadi 2017. Oktoba 2010 kinyesi kutoka kambi ya walinda amani wa Nepal kiliingia mtoni, kikatiririka hadi mto Artibonite, na kipindupindu ambacho nchi hiyo haikuwa nacho kikaua karibu watu 10,000. Waathiriwa walidai fidia. Umoja wa Mataifa ukasema madai yao hayapokeleki. Wakashtaki New York. Mahakama za Marekani zikasema Umoja una kinga. Desemba 2016 Ban Ki-moon aliomba radhi. Hakuna jaji aliyewahi kuwasikiliza wale watu kwa ushahidi wao.

Ndiyo maana mama yule aliniuliza vile.

Na sisi tuliingiaje? Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa idhini, kwa azimio 2699, ya kikosi cha kukabiliana na magenge ya Haiti, na Kenya ikaahidi askari polisi 1,000. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasema haiwezekani hivyohivyo: Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka wanajeshi nje, si polisi, na polisi wanaweza kwenda tu kwenye nchi yenye makubaliano ya kusaidiana nasi. Kule ofisini walinipongeza, kama walivyonipongeza Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais. Nilitembea kifua mbele.

Tarehe 1 Machi makubaliano yakatiwa saini Nairobi. Aliyesimama upande wa Haiti ni Ariel Henry, waziri mkuu aliyeteuliwa siku chache kabla ya Rais Jovenel Moïse kuuawa Julai 2021. Hakuchaguliwa na mtu. Haiti haikuwa imefanya uchaguzi tangu 2016, na maseneta kumi wa mwisho muda wao uliisha Januari 2023, kwa hiyo hapakuwa na bunge la kuuliza karatasi ile inasema nini. Henry akiwa bado safarini magenge yakavunja magereza ya Port-au-Prince na kuushambulia uwanja wa ndege. Hakuweza kutua kwao. Aliishia Puerto Rico, na kabla ya nusu ya mwezi alikuwa ametangaza atajiuzulu. Makubaliano yakabaki. Mahakama yetu ilidai makubaliano kati ya nchi mbili, na kilichopatikana, kwa maoni yangu, ni karatasi kati ya serikali moja na mtu aliyekuwa anaondoka.

Haya nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani hadi juzi, alipokuja mwana wa kaka yangu. Ni askari, amerudi kutoka Haiti. Nilimwacha akicheza mpira wa karatasi uani. Sasa akikaa kochi linajaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu, kunywa chai."

Tulizunguka na habari za jamaa kwanza. Kisha nikamweleza hayo yote, Mwita, Henry, bunge ambalo halikuwapo. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Shangazi, nyumba ya mtu ikiungua akakuita, utamwomba hati ya kiwanja?"

Akanieleza kambi yao kando ya uwanja wa ndege wa Toussaint Louverture, joto la ndani ya deraya, saa nyingi bila kufungua mlango. Akanieleza mama mmoja aliyekuwa akikaanga ndizi pembeni mwa barabara waliyokuwa wakiilinda. Siku za mwanzo alikuwa akifunga jiko wakitokea. Baadaye akaacha kufunga. Siku moja akamsukumia mfuko wa ndizi dirishani, akakataa pesa, akasema maneno ya Kikreyoli na kuonyesha njia nyuma yake, ambako watoto walikuwa wanapita na sare za shule. "Yule mama hakuniuliza nani alitia saini," akasema. Mwaka 2024 watu zaidi ya 5,600 waliuawa Haiti, na kufikia Januari 2025 zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia makwao. Wapo pia wenzake waliokwenda na hawakurudi hai, na familia zao ziko hapa nchini. Siwezi kumwambia kijana huyu kwamba kazi yake haikuwa na maana, na sitaki.

Nikamhadithia kipindupindu. Alikuwa amesikia juujuu. Nilipofika kwenye kinga na madai yasiyopokeleka, akauliza mwenyewe: "Na sisi? Mmoja wetu akimkosea mtu kule, yule mama wa ndizi angekwenda kwa nani?"

Makubaliano ya vikosi vya kigeni kwa kawaida huwaweka askari chini ya sheria ya nchi walikotoka. Maana yake mama wa ndizi angelazimika kuja kwetu. Nairobi, kwa lugha asiyoijua, kwenye ofisi asiyoisikia, na nauli asiyokuwa nayo. Yule Mjamaika alikuwa na mahakama iliyosikiliza kesi yake Jamaica na Barbados. Haiti nayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Karibea, lakini Kenya si mwanachama, na mahakama ya Port of Spain haituhusu.

Septemba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2793, la kukigeuza kikosi kile kuwa kikubwa zaidi, hadi watu 5,550, na kazi iliyo wazi ya kupambana na magenge. Kenya itaombwa tena siku moja, Haiti au kwingine, kwa sababu tumeshaonekana kuwa tunakubali kwenda. Mimi sisemi tusiende. Nasema Bunge letu lisiruhusu askari mmoja apande ndege kabla ya kuambiwa mlalamikaji wa kule atapokelewa wapi, kwa lugha gani, na nani atamlipa akishinda. Tunayo mamlaka huru ya kusimamia polisi. Basi iwe na dawati na mkalimani palepale kwenye kambi, na taarifa zake zisomwe hapa na kule. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na deraya moja.

Mwanangu yule ameanza kuandika aliyoyaona, kwa mkono, kwenye daftari la shule. Wenzake mliorudi, andikeni pia, na yale msiyoyapenda msiyaruke. Mkitaka mtu wa kuwasomea na kuwapangia, mimi nipo Kisauni, sina safari tena.