Zege la chapa kwenye theluji ya mpwa wangu

Jumapili usiku, Kisauni

Mpwa wangu yuko Toronto, na riziki yake ni ileile kazi aliyoanza kuishika hapa nyumbani akisubiri matokeo ya kidato cha nne: kumwaga zege na kulipiga chapa lifanane na mawe, matofali au mbao. Akitoka kazini saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa nane usiku. Kwa hiyo wiki nzima simu yangu imekuwa ikilia wakati watu wenye akili wamelala. Amepata mteja anayetaka sakafu ya uani, zege la chapa lenye sura ya mawe ya kuchonga, na anaitaka sasa hivi, Novemba, kabla wageni wake wa Krismasi hawajafika. "Mjomba, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ananiuliza mimi, ambaye baridi yangu kali kabisa ni ile ya Julai tunapotoa sweta kabatini kwa nyuzi 22.

Lakini swali limenikaa. Nimesoma nilichoweza kusoma, nimemhoji mpaka akachoka, na kadiri ninavyofikiri naona jambo moja linarudi: karibu kila ujanja tunaoutumia huku kuupendezesha uso wa zege, baridi ya kule inautafuta na kuuadhibu.

Adui wetu Mombasa ni jua na upepo. Msimu wa kaskazi tunamwaga alfajiri, na ikifika saa mbili asubuhi uso umeshafanya ganda huku chini bado ni laini. Ukiweka mkeka wa chapa, ule wa mpira wenye mchoro, na kuukanyaga, ganda linachanika kwenye kingo za mchoro. Fundi asiye na subira anachovya brashi kwenye ndoo, anarashia maji juu, anasugua kwa mwiko, uso unalainika, chapa inaingia safi, na mwenye nyumba anapiga picha. Huku jambo hilo hupita. Uso unakuwa dhaifu, rangi inachujuka, vumbi linaanza kutoka baada ya miaka miwili mitatu, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka nani alikuwa na brashi. Vibarua wangu nimewagombeza juu ya brashi hiyo hadi wakanibandika jina, Mzee Brashi, na wanadhani sijui.

Toronto brashi hiyo haingefika miaka mitatu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na zege, hata lionekane gumu vipi, lina vitundu vinavyokunywa maji. Uso uliorashiwa maji ndio wenye vitundu vingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mchana theluji inayeyuka, maji yanazama. Usiku yanaganda, yanasukuma. Baridi yenyewe, ikikaa palepale, haina madhara makubwa hivyo. Kinachoua ni kwenda na kurudi kwenye sifuri, mara nyingi katika msimu mmoja. Mwishowe uso unabanduka magamba. Sakafu ya kawaida ikibanduka milimita tatu imeharibika sura tu, itaendelea kukanyagwa. Ya chapa ikibanduka milimita tatu, rangi imekwenda, mchoro umekwenda, na ndivyo vitu alivyolipia mteja.

Dawa yake ni hewa, na hapa ndipo nilipokaa usiku mmoja nikicheka peke yangu, maana maisha yangu yote nimekuwa nikipigana na hewa: tingisha, gonga fremu, toa mapovu. Miaka ya 1930 Wamarekani walianza kuona kwamba baadhi ya barabara zao za zege zilikuwa zikistahimili baridi kuliko nyingine, na uchunguzi ukawapeleka kwenye mafuta yaliyotumika kusaidia kusaga simiti kiwandani. Mafuta hayo yalikuwa yakiacha viputo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vimetawanyika zege zima. Maji yakianza kuganda na kusukuma, yanapata pa kukimbilia. Siku hizi dawa ya viputo hutiwa makusudi. Kiwango cha Kanada kwa sakafu ya nje isiyo ya nondo, inayokutana na barafu na chumvi, kinataka nguvu ya megapaskali 32, hewa asilimia 5 hadi 8, na uzito wa maji usiozidi 0.45 ya uzito wa simiti.

Hiyo 0.45 niliipiga hesabu kwa mfuko wetu wa kilo 50. Inatoka lita 22 na nusu, pamoja na maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Yaani dumu moja la lita 20 na lita mbili na nusu juu yake, basi. Nenda mtaani hapa uone mfuko mmoja unavyomiminiwa maji, kibarua akishikilia mpira na kupiga soga.

Mpwa wangu alinitumia video ya chungu cha chuma chenye saa juu ya kifuniko. Wanajaza zege, wanagonga pembeni kwa nyundo ya mpira, wanafunga, wanapampu, na mshale unasoma hewa: sita na kitu. Lori lililoleta zege linasubiri kando, na mshale ukisema vibaya linarudishwa lilikotoka. Niliirudia video hiyo kwa wivu wa kitaalamu.

Sasa tazama ugumu wa kazi ya mapambo. Viputo unavyovihitaji zaidi ni vya juu, na uso ndio tunaousugua, tunaounyunyizia rangi na kuukanyagia mikeka. Ukisugua kwa mwiko wa chuma mapema unafunga uso, maji na hewa vinanaswa chini yake, na baadaye ngozi inainuka kama malengelenge. Ndiyo maana mpwa wangu hutia rangi ndani ya zege lenyewe badala ya kuinyunyiza juu, na husawazisha kwa ubao wa magnesiamu, chuma akiweka mbali. Hilo sikumfundisha mimi, nalo linanifurahisha. Unga wa kuzuia mkeka usinate bado anautumia, ule ambao huku upepo huupeleka kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Halafu kuna saa. Joto likipungua nyuzi kumi, muda wa zege kushika unakaribia kuwa maradufu. Mimi hupata dakika chache za chapa, nakimbia. Yeye akimwaga asubuhi ya Novemba anaweza kukaa mpaka jua linazama, nalo huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, akibonyeza kwa kidole kila baada ya muda, kisha apige chapa kwa taa huku mikono imekufa ganzi. Dawa ya haraka iliyo rahisi, kloridi ya kalsiamu, inaacha mabaka kwenye zege la rangi. Mahema na majiko ya gesi yapo, ila moshi wake usipotolewa nje, kabonidayoksaidi inaufanya uso mpya kuwa unga. Blanketi za kuhifadhi joto zinafaa. Nailoni ikilala moja kwa moja juu ya rangi inachora madoa. Na zege likiganda kwa baridi kabla nguvu yake haijafikia megapaskali 3.5 hivi, halirudi tena kuwa zege la maana.

Mambo ya chini ya sakafu tulikubaliana upesi: kokoto iliyoshindiliwa sentimita kumi na tano, mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba, mikato ya kuelekeza nyufa, umbali kati yake usizidi mita tatu. Kule baridi hushuka ardhini hadi kama mita 1.2, na udongo wenye maji ukiganda unainua sakafu bila kuomba ruhusa. Usimwage kamwe juu ya ardhi iliyoganda.

Tuliongea sana juu ya chumvi. Mimi naijua ile ya bahari, inayopita kwenye zege na kula nondo mpaka dari za Mji wa Kale zinadondoka vipande. Ya kwao wanaimwaga kwa hiari ili kuyeyusha barafu, na mara nyingi inaletwa na gari, inadondoka kutoka chini ya bampa. Baridi ya kwanza usitie chumvi kabisa kwenye zege jipya. Tumia mchanga miguu isiteleze. Zile dawa za barafu zenye amonia, zinazofanana na mbolea, zisikaribie hata siku moja, hizo zinakula zege kikemikali. Sepetu ya theluji iwe ya plastiki. Na huo mng'ao anaoutaka mteja, wa kupaka akriliki mpaka sakafu iwe kama imemwagiwa maji, ukipata barafu utavunja nyonga ya mtu. Mafuta ya kuzama ndani, ya silani, hayang'ai na hayapigi picha nzuri. Ningechagua hayo.

Jumamosi nilipita Ngomeni, pale Fort Jesus, nikagusa ukuta. Matumbawe yale, yaliyowekwa na Wareno tangu 1593, yana matundu ya kuingiza kidole, na kila masika yanalowa chapachapa. Nikawaza yangekuwa nini leo kama Mombasa ingekuwa na theluji hata kwa miaka kumi. Watalii walinitazama mzee ananyooshea jiwe kidole.

Jibu langu kwa mpwa lilikuwa fupi: asimwage. Angoje Mei, zege lipate kiangazi kizima cha kukomaa na kukauka kabla ya baridi yake ya kwanza. Mteja alinuna siku mbili. Alikuja kulainika mpwa wangu alipokubali kumtengenezea vipande viwili vya mfano ndani ya gereji yenye joto, sentimita 60 kwa 60, zege moja, rangi moja, chapa moja. Kimoja kinafanywa inavyotakiwa, kingine kinarashiwa maji kwa brashi. Januari vyote vinatolewa nje, na Aprili vinakaguliwa pamoja. Brashi atashika mteja mwenyewe. Nimemshauri mpwa wangu asigonge jina la kampuni yake kwenye kipande hicho.