Leo kiatu cha kulia kimeshika vumbi

Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata kuoga sijaoga. Acha niandike kabla moyo haujatulia.

Mnaonijua mnajua. Miezi 14 iliyopita gari la abiria tulilopanda kutoka Eldoret lilipinduka. Wenzangu wawili wa mazoezi hawakurudi. Mimi nilirudi, ila mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Nilikuwa na miaka 19, mbio zangu mita 1500.

Wodini nilikuwa nikimsoma sana Alan Ruschel, mchezaji wa Chapecoense, klabu ya soka ya Brazil. Ndege yao ilianguka Novemba 2016, wakafa watu 71. Agosti 2017 alikuwa uwanjani akicheza na Barcelona.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Iten mnaijua, nimetoka na mguu bandia. Nilisema nitatembea tu.

Kisha nikasikia kundi likija nyuma yangu. Ile sauti ya viatu vingi kwa pamoja.

Mwili ukaondoka wenyewe.

Kama mita 200 hivi. Nikichechemea, kigutu kikiwaka moto. Kijana mmoja akapunguza mwendo, akakaa ubavuni mwangu. Hakusema neno. Tukaenda.

Nyumbani nikavua viatu. Muda wote huu cha kulia kilikuwa kipya, soli safi kama ya dukani. Leo kina udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

Mama akaja na brashi.

"Mama, hicho kiache."

Akakaa chini, akakipakata.

Mnaokimbia na mguu bandia, mnafanyaje ngozi isichubuke? Niambieni hapa. Kesho natoka tena.