Ganda la Mkrismasi

Jana jioni binti yangu alirudi kutoka shule akitikisa ganda refu jeusi, chaka chaka chaka, kama kayamba. "Mama, humu ndani kuna mbegu. Tukizipanda zitaota?"

Ilinibidi nikae. Sauti ile sikuisikia tena tangu tuko Korogwe.

Zitaota, ila kwa kubembelezwa. Mbegu ya mkrismasi ina ngozi ngumu. Ukiifukia hivi hivi itakaa ardhini miezi na miezi, kimya. Mama alikuwa anaisugua ubavu mmoja kwenye sementi ya kizingiti mpaka ngozi ile ikwanguke, kisha anaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto ilale humo. Asubuhi zilizokubali zilikuwa zimevimba, laini. Zilizogoma alizisugua upya. Ndivyo alivyoupata mti wetu, akaupanda mbele ya baraza ili tukimenya mihogo tuwe kivulini. Hatua nne kutoka ukutani. Mche wenyewe ulikuwa na urefu wa kiganja.

Kufikia 1993 ulikuwa mwavuli mpana kuliko paa letu. Lakini mizizi ya mkrismasi haipendi kuzama, hutambaa, na ya kwetu ilitambaa kuja nyumbani. Sakafu ya baraza ikapata ufa. Baba akaupima kwa kidole kimoja; mwaka uliofuata vikaingia viwili, na mlango ukawa haufungi mpaka uuinue. Alimwambia mama auage mti wake. Mama akasema tusubiri maua yaishe. Maua yakiisha, tusubiri mvua.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, mama kaenda mazoezi ya kwaya. Baba na jirani walianza na matawi ya chini. Aliporudi, shina lilikuwa limelala kuvuka uwanja mzima na ardhi haionekani kwa wekundu. Alisimama. Akavua ndala, kana kwamba anaingia ndani ya nyumba ya mtu, akapita katikati ya maua yale polepole. Akaokota ua moja, akaniita. "Njoo uone hili." Alinionyesha petali la tano, lile ambalo si jekundu kama wenzake: jeupe, lina manjano na madoadoa mekundu. Miaka yote nilikuwa nalala chini ya mti ule na sikuwahi kuliona.

"Mama Neema," baba akasema, shoka bado mkononi, "nyumba."

"Najua."

Kisha akachuchumaa, akaanza kuyakwanyua maganda ya mwaka uliopita kwenye matawi yaliyolala, moja moja, akiyaweka kwenye kanga. Hakuna aliyemsaidia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, ningeweza kumsaidia.

Baraza lilitengenezwa likawa zuri. Mama hakumenya tena mihogo pale. Alihamia jikoni, na maganda yake yakakaa juu ya kabati mpaka tulipohama. Baba ameshatangulia. Ukuta ulikuwa unapasuka kweli, hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini nikimkumbuka, namwona na lile shoka, na inaniuma, maana alikuwa analinda tulipolala.

Usiku nilimpigia mama simu, nikamwambia mjukuu wake ameloweka mbegu za mkrismasi. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekata.

"Mmezisugua kwanza?"

"Tumezisugua."

"Mtaupanda wapi?"

"Hapo mbele, karibu na geti."

"Kutoka ukutani hatua ngapi?"

Sikuwa nimepima.

"Nenda kahesabu," akasema. "Nasubiri."

Nikachukua tochi, binti yangu akanifuata pekupeku, tukaanza kuhesabu kwa sauti ili bibi yake asikie.