Matema, Mahali Barabara Inapoishia

Asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi Juni niliondoka Mbeya nimevaa koti zito, na kabla ya saa nane mchana nilikuwa nimelikunja na kulisokomeza chini kabisa ya begi, lilikokaa mpaka siku ya kurudi. Jiji la Mbeya liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Juni ni mwezi wa baridi yake kali, ilhali Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Anayekwenda Matema, kijiji kilicho kwenye ufukwe wa kaskazini wa ziwa hilo, huushuka mteremko huo wote kwa nusu siku, na huutambua kwa masikio yanayoziba na kuzibuka, kwa majani yanayobadilika rangi dirishani, na kwa abiria wanaovua masweta mmoja baada ya mwingine.

Pale Uyole, barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, gari liligeuka kuelekea kusini likapita kando ya Mlima Rungwe, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu kuanzia kiunoni. Baada ya mashamba ya viazi yakaja ya chai, kisha migomba ya Tukuyu isiyo na mwanzo wala mwisho, na huko chini kabisa mikakao iliyojificha kivulini pamoja na mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa. Kikusya tuliiacha barabara ya Kyela mjini, tukashika ile ya Ipinda.

Ni baada ya Ipinda ndipo nilipoelewa kwa nini rafiki zangu waliowahi kufika Matema hushindwa kuieleza bila kutumia mikono. Milima ya Livingstone haina vilima vya kuitangulia. Uwanda wa mpunga umetandazwa bapa kama sinia, kisha ghafla unasimama ukuta wa kijani wenye urefu wa zaidi ya mita elfu moja, na ziwa limelala miguuni pake. Hapa ndipo Bonde la Ufa linapoonekana kwa macho bila kuhitaji ramani: upande mmoja wa ufa ardhi iliinuka ikawa milima, upande wa pili ilizama ikawa ziwa lenye kina cha takriban mita 700 mahali pake pa chini kabisa, maana yake ni kwamba sakafu ya Ziwa Nyasa iko chini ya usawa wa bahari. Kwenye ramani milima hii imepewa jina la mmisionari wa Kiskoti aliyelifikia ziwa kwa upande wa kusini mwaka 1859. Kwa watu wa hapa, juu kule ni Ukinga tu, kwa Wakinga, na chini kwenye ukingo mwembamba kati ya mwamba na maji ni kwa Wakisi. Wanyakyusa wao wana uwanda. Lami inakuja mpaka Matema na kukoma, kwa sababu haina pengine pa kwenda. Anayetaka kuendelea kuufuata mwambao kuelekea kusini atapita majini au atatembea kwa miguu.

Nilifikia kwenye nyumba ya wageni yenye vibanda vilivyopangwa chini ya miti, hatua chache kutoka majini. Mama mwenyeji alinipokea kwa "ndaga fijo" hata kabla sijafanya lolote la kushukuriwa, akaniuliza kama nakula samaki, na nilipoitikia akasema, "Basi mwanangu, kaoge ziwani kwanza, chakula kitakukuta." Nilikwenda. Maji ya Nyasa ni baridi kidogo mtu anapoingia, kisha yanakuwa kama si maji bali hewa nzito, safi kiasi cha kuhesabu vidole vya miguu ukiwa umesimama hadi kifuani. Mchanga ule haukutengwa kwa ajili ya wageni. Pembeni yangu akina mama walisugua masufuria, watoto walifua sare za shule, na mvuvi mmoja alikuwa akishona wavu wake bila kuinua kichwa. Mtu anayetaka ufukwe wa muziki na viti vya kukodi hataupenda, na sidhani kama itakuwa kosa la ufukwe. Tahadhari niliyopewa ilikuwa moja: niogelee pale wanapooga wenyeji, nisiende upande wa mdomo wa Mto Lufilyo, ambako kuna mamba.

Samaki alikuwa mbasa, kwa wali wa Kyela. Mbasa hupanda mito inayoingia ziwani ili kuzaliana, na nyama yake ina mafuta ya kutosha kumfanya mpishi asihangaike na viungo. Nilikula sahani mbili.

Siku ya Ijumaa ndiyo niliyoijia. Mzee mmoja mwenye mtumbwi wa gogo alikubali kunipeleka Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi kilichoko nyuma ya rasi, ila aliponiona nikichelewesha kwa kutafuta kofia, alinikatiza. Nilikuwa nimeshamwamkia shikamoo, naye ameitika marahaba, kwa hiyo aliniambia kwa upole lakini bila mzaha: "Tuwahi, mjukuu wangu. Upepo ukiamka kabla yetu tutalala huko." Miezi hii ya kiangazi upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa huuita mwera, hulisafiri ziwa lote kwa urefu wake wa zaidi ya kilomita 500 bila kizuizi, na mawimbi yote unayoyakusanya njiani huyaleta kuyamwaga hapa kaskazini.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa kioo. Tulikwenda tukiwa karibu sana na mwamba, na chini ya mtumbwi niliwaona samaki wadogo wa buluu, wa manjano na wenye mistari, wakikwangua mwani kwenye mawe. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii hii, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mzee aliniambia kwamba wengi wao mama huwalea watoto kinywani, wakitishika anafungua mdomo nao wanaingia. Nilidhani ni hadithi ya kumpendezesha mgeni, hadi alipolaza kafi tukatulia, nikaona mwenyewe wingu la vitone likimezwa na mama yake kivuli chetu kilipopita.

Ikombe hakuna gurudumu la kufinyangia. Mwanamke huweka udongo kwenye kigae cha duara kilichokaa chini, akakizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiinua ukuta wa chungu, na chombo kinapanda mbele ya macho yako kwa utulivu unaokufanya uone aibu kupiga picha. Kikikauka kiasi hulainishwa, hupambwa kwa udongo mwekundu, kisha vyungu huchomwa pamoja katika moto wa wazi wa kuni na nyasi. Vinatoka vyeupe vya maziwa vyenye michoro ya rangi ya kutu, vyepesi kuliko vinavyoonekana. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Dada mmoja mfinyanzi alinipa udongo nijaribu, na nilichokitengeneza kilizua kicheko ambacho nadhani bado kinaendelea. Nikanunua chungu cha wastani, zaidi kwa kulipa deni la muda wake kuliko kwa kukihitaji.

Tulipotoka mtumbwini mwera ulikuwa haujaamka. Tulipotaka kurudi, ulikuwa umeshaamka. Mzee alisimama mchangani akiyatazama mawimbi, hakusema kitu, akauvuta mtumbwi wake juu zaidi na kuufunga kwenye mti, na hilo ndilo lilikuwa jibu. Nikamlipa nauli yote, maana upepo haukuwa wake. Yule dada alikuwa na safari ya kwenda Lyulilo, jirani na Matema, kwa ajili ya soko la kesho yake, na kwa kuwa mitumbwi ilikwama aliamua kutembea, nikaomba tufuatane. Njia ilipanda mlima, ikashuka kwenye korongo, ikapanda tena. Yeye alibeba kichwani tenga lenye vyungu sita. Mimi nilikumbatia changu kama mtoto mchanga, sioni ninapokanyaga, mpaka akasimama, akasokota majani akanitengenezea kata, akasema, "Kaka, chungu hakibebwi kwa mikono, kitakuangusha." Nilijikwaa mara mbili, na mara zote mbili kichwa kilijua cha kufanya kabla yangu. Kutoka kule juu ziwa lilionekana limejaa mistari myeupe, na upande wa pili, kwa mbali sana, kulikuwa na vivuli vya milima ya Malawi. Sijawahi kuchoka kwa furaha kiasi kile.

Jumamosi pale Lyulilo nilikuta mitumbwi iliyowasili kabla ya mapambazuko, upepo ukiwa umelala, ikiwa imesheheni vyungu vilivyopangwa ndani ya majani makavu, na wachuuzi wakivigonga kwa ukucha kusikiliza mlio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hunong'ona. Vingi vilikuwa kama changu, na bei ilikuwa ileile. Mchana nilipelekwa na kijana mmoja kwenye maporomoko ya maji yaliyoko ndani ya korongo nyuma ya kijiji, mwendo wa kuruka mawe mtoni, na maji yake ni ya baridi ya Ukinga kabisa. Nilidumbukia, nikapiga kelele, nikatoka. Muda uliobaki nililala chini ya mwembe.

Mwezi ulikuwa mwembamba, kwa hiyo usiku taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa ziwani kwa wingi hadi ikawa vigumu kusema mji uko upande gani. Alfajiri ya Jumapili niliona katikati ya ziwa moshi mrefu ukisimama wima na kuinama kidogo, nikauliza kama kuna meli inayowaka. Mama mwenyeji alicheka. Ni wadudu wadogo mfano wa mbu wasiouma, wanaotoka majini kwa mabilioni na kupaa pamoja. Wingu likisukumwa nchi kavu, watu huwanasa na kuwaponda wakatengeneza vibonge vya kula. Sikubahatika kuonja, upepo uliwapeleka kwingine.

Kwenye gari la kurudi konda alikitazama chungu mapajani mwangu, akatazama barabara, akaniambia kwamba kikipasuka nisimtafute yeye. Nikakumbuka koti. Nililitoa chini ya begi, nikakifunga chungu kwa mikono yake miwili na kukaza vifungo, kikatulia vizuri tukipita Ipinda na Kikusya, jua likiwa bado kali. Tulipofika Tukuyu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Abiria wote walikuwa wamevaa masweta yao. Nilijikunyata na shati langu la mikono mifupi hadi Mbeya, na chungu kikiwa ndani ya koti.